Je, wajua kwa nini jani la mchu lina chumvi?

Ukitoka Mtwara mjini kwenda Mikindani, subiri maji yapwe, kisha shuka kwenye tope uchume jani moja la mchu, mti unaoota palepale kwenye maji ya bahari. Juu ni la kijani, chini lina rangi ya majivu. Lilambe. Chumvi tupu! Jua likiwa kali utaziona hata chembe zenyewe, nyeupe, zimeganda kwenye jani.

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Umwagilie muhogo maji hayo uone utakavyonyauka. Mchu unayanywa hayohayo kila siku. Mizizi yake huyachuja, sehemu kubwa ya chumvi ikabaki nje. Ile inayopenya hupanda na maji hadi majanini, na huko tezi ndogo sana huitoa nje kama jasho. Maji hukauka, chumvi hubaki. Ndiyo kazi ya wavuna chumvi wa Lindi kwenye majaruba yao, ila mchu hauhitaji jembe wala kibarua.

Wengi wetu tunaita miti yote ya pale "mikoko", lakini mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya kaa, hauna tezi hizo. Wenyewe unategemea zaidi kuchuja mizizini, kwa hiyo ukilamba jani lake hupati kitu.

Angalia na unapokanyaga. Vijiti vile vilivyosimama topeni kama penseli, mamia kwa mamia, ni mizizi ya mchu. Tope lile halina hewa, ndiyo maana linanuka kama yai viza, basi mti unatoa mizizi juu ili upumue maji yakipwa. Vijiti hivyo vikifukiwa na mchanga, au maji yakituama juu yake bila kushuka, mti mzima hufa.

Mchu utaukuta mbele kabisa, unapopigwa na mawimbi, na nyuma kabisa, kwenye ardhi ya chumvi ambako miti mingine imeshindwa. Upo Kilwa, upo Lindi, upo hadi mlangoni mwa Mto Ruvuma, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000.

Ila usiende kulamba majani siku ya mvua kisha ukaniita mwongo: yatakuwa yameoshwa.