Je, wajua kwa nini mti wa kwinini una jina la mfanyabiashara?

Aliyewahi kumeza kwinini haisahau: ulimi unakunjamana kwa uchungu, masikio yanavuma siku nzima. Dawa hiyo hutoka kwenye magome ya sinkona, mti wa milima ya Andes, Amerika Kusini, ambao leo unalimwa pia Kivu, Kongo. Sinkona yenye kwinini nyingi kuliko zote iliitwa Cinchona ledgeriana, kutokana na Charles Ledger, Mwingereza aliyekuwa akifanya biashara ya sufu ya alpaka, mnyama wa milima hiyo, huko Peru. Lakini mbegu zake hakuzichuma yeye.

Aliyezichuma ni Manuel Incra Mamani, mtu wa kabila la Waaymara wa Bolivia, aliyemtumikia Ledger kwa miaka mingi. Sinkona ziko za aina nyingi, majani yanafanana, na zilizo nyingi magome yake hayana nguvu. Mgeni angeweza kuzunguka msituni mwaka mzima akarudi na mti wa bure. Mamani alikuwa ameukulia ujuzi huo. Aliujua mti wenyewe kwa kuutazama tu.

Kuujua ni jambo moja, kupata mbegu ni jingine. Baridi kali iliunguza maua mwaka baada ya mwaka, naye akangoja misimu minne. Mwaka 1865 ndipo alipovuka milima kumfikishia Ledger mzigo wake: vimbegu vyenye ubawa mwembamba kama karatasi, vyepesi hata ukipumua karibu vinaruka. Ilikuwa magendo, maana Bolivia ilikataza mbegu hizo zisitoke nchini.

Waingereza, waliokwisha kupanda sinkona nyingine India, hawakuzitaka. Waholanzi walinunua kama nusu kilo, kwa bei ya kutupa, wakazipanda Java, kisiwa cha Indonesia walichokitawala wakati huo. Sinkona huchavushana ovyo na jamaa zake, ubora ukapotea; kwa hiyo waliitenga miti hiyo mbali na mingine. Magome yalipopimwa, kwinini ilipita asilimia 10, ilhali aina nyingi hazifiki hata nusu ya hapo. Kufikia miaka ya 1930, sehemu kubwa kabisa ya kwinini ya dunia ilitoka Java.

Na jina? Mmea hupewa jina na mtaalamu anayeuandika kitabuni, naye huandika jina analolijua. Huko Java walichokijua ni kwamba mbegu zilitoka kwa Ledger. Kwangu mimi hiyo ni sababu, si udhuru.

Ledger alizeekea Australia, Waholanzi wakimpa malipo ya uzeeni, akafa mwaka 1905. Mamani alirudi msituni mwaka 1871 kutafuta mbegu nyingine. Safari hiyo alikamatwa, akapigwa, akafungwa. Alipoachiwa alikuwa hoi, na hakuchukua muda akafa.