Nadharia ya siasa kwa masafa: wanayosema watu na yalivyo mambo

Kinyozi wangu wa Walukuba, hapa Jinja, Uganda, aliposikia nasoma kozi ya utangulizi ya nadharia ya siasa kwa masafa, alizima mashine akanitazama kwenye kioo. "Unagombea kiti gani?" Nikacheka, lakini tangu siku hiyo nimeulizwa mengi ya namna hiyo, na mengine niliwahi kuyaamini mwenyewe.

"Ukisoma hiyo, mwisho wako ni bungeni au jela."

Wala. Kozi haifundishi kuomba kura wala kuandaa maandamano. Inauliza: kwa nini nimtii anayetawala? Shamba lilianzaje kuwa la mtu mmoja? Mimi nilitarajia habari za vyama, nikapewa kitabu cha Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale: watu wamekaa wanabishana haki ni kitu gani, na sehemu ya kwanza ya kitabu inakwisha hawajaelewana. Hata neno siasa lina historia yake. Limetoka Kiarabu, kwenye kumtunza na kumfunza farasi, na katika Kiswahili cha zamani kumwendea mtu "kwa siasa" ni kumwendea kwa upole na taratibu. Msimu wa kampeni huwezi kuamini.

"Ya masafa ni mteremko, na cheti chake si cheti."

Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini watu wasiokanyaga darasani kwake mwaka 1858. Mandela alimaliza shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Hapa kwetu Makerere ilianza programu za nje mwaka 1991, na jirani zetu wana Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kwa hiyo masafa yenyewe hayaharibu cheti. Kinachoharibu ni kulipa ada kabla ya kuuliza Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kama chuo na programu hiyo vinatambuliwa.

Na mteremko hakuna. Insha yangu ya kwanza niliiandika kwa siku tatu, usiku baada ya zamu ya ghala, kurasa nne kuhusu Hobbes, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17: Hobbes alisema hivi, kisha Hobbes akasema vile. Ikarudi na alama 41 na swali moja pembeni: "Na wewe unasemaje?" Nilikasirika. Nilidhani kazi yangu ni kuonyesha nimesoma. Darasani ningemsikia mwenzangu akibanwa kwa swali hilo wiki ya kwanza, nikajirekebisha kimyakimya. Kwa masafa kosa unalifanya peke yako, na unalijua baada ya wiki tatu. Hapo ndipo umbali unapouma. Dawa niliyoipata ni watu wawili wa mtaani, mmoja fundi cherehani, tunaokutana Jumapili kusoma ukurasa mmoja kwa sauti. Mmoja tu. Hobbes hasomeki kama gazeti.

"Bila intaneti ya nguvu usijisumbue."

Bando ni ghali, sikatai. Kuanzia Julai 2018 tulilipa shilingi 200 kwa siku kutumia mitandao ya kijamii, na Julai 2021 kodi hiyo ikabadilishwa kuwa asilimia 12 juu ya data. Lakini angalia kozi hii inakula nini. Plato, Hobbes, na wanafalsafa wengine wa zamani kama Locke na Rousseau, hawadai tena hakimiliki. Maandishi yao yanapatikana bure, na kitabu kizima ni chepesi kuliko video fupi ya harusi. Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani kimeweka wazi mihadhara 24 ya utangulizi wa falsafa ya siasa iliyorekodiwa mwaka 2006, na unaweza kuchukua sauti peke yake. Cheti hupati, ila masikio yako yatafaidi.

"Kiswahili hakiwezi kubeba mambo hayo."

Hii naisikia zaidi Kampala, kwa watu wanaokiona lugha ya askari na wezi. Rais Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, mabadiliko ya Katiba ya 2005 yakakitaja kuwa lugha rasmi ya pili, baraza la mawaziri likarudia jambo hilo 2022, na dharau bado ipo. Basi chukua neno raia. Kwa Kiarabu asili yake ni kundi linalochungwa. Mwananchi je? Ni mwana wa nchi. Ukiuliza kwa nini tuna maneno mawili, na lipi unaitwa ukiwa kituo cha polisi, umeshaanza somo.

"Ni mawazo ya wazungu waliokufa, hayatuhusu."

Mwaka 1966 Waziri Mkuu Obote aliisimamisha Katiba ya 1962 na kuleta nyingine. Katika kesi ya Matovu, mtu aliyepinga kuwekwa kizuizini, Mahakama Kuu chini ya Jaji Mkuu Udo Udoma ililazimika kuamua kama katiba hiyo mpya ni halali. Ikaegemea nadharia ya Hans Kelsen, mwanasheria wa Austria: mapinduzi yakifanikiwa, msingi wa sheria wenyewe umebadilika. Katiba ikahesabiwa halali. Miaka karibu 30 baadaye, Ibara ya 3 ya Katiba ya 1995 ikasema haipotezi nguvu hata serikali iliyoingia kwa mtutu ikikatiza utekelezaji wake. Ukiisoma baada ya kesi ya Matovu, utaona ni kama jibu kwa Kelsen. Nadharia ilitufikia zamani, tukaishi chini yake kabla ya kuisoma.

Kuhusu Locke, nenda steji ya bodaboda. Steji yetu ina mwenyekiti, zamu, faini, na ada ya kuingia. Locke anasema hata mtu anayepita tu barabarani ameikubali serikali ya hapo kimyakimya. Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, mwaka 1748 akamcheka mwenye hoja hiyo: ni sawa na kumwambia mtu aliyepakiwa melini akiwa usingizini kwamba amemkubali nahodha, kwa kuwa hajajirusha baharini. Nilimweleza hayo kijana mmoja wa steji, kwa mfano wa mtumbwi wa Masese, kisha nikamuuliza: hizi faini, wewe ulizikubali lini?

Alikuwa anafuta kiti cha pikipiki. "Kukubali? Mimi nilizikuta."

Nilirudi nyumbani nikaanza insha ya pili kwa neno lake.