Je, wajua kwa nini kibebeo cha chupa kubwa za bia huhitaji vigawanyo juu na chini?

Shika shingo za chupa mbili kubwa za bia kwa mkono mmoja, kisha panda nazo ngazi. Hutafika mbali kabla hujazisikia zikigongana. Anayezibeba mara kwa mara, hasa anayejitengenezea bia nyumbani, siku moja huamua kuchomelea kibebeo chake mwenyewe cha chuma. Kile cha kwanza karibu kila mara huwa vilevile: fremu ya mstatili, mkono juu, na vyuma viwili vitatu vya kutenganisha chupa. Kinabeba vizuri, hakilegei, na chupa bado zinagongana. Changu cha kwanza kilikuwa hivyo hivyo. Nilidhani nimekosea vipimo, kumbe sikuwa nimeielewa chupa.

Uzito peke yake si tatizo kubwa. Chupa ya ml 650 ikijaa huvuka kilo moja, na ile ya ml 750 ya kioo kinene, inayofungwa kwa kizibo cha gome na waya, hukaribia kilo moja na nusu au kuipita. Sita za aina hiyo ni kama kilo 9, mzigo ambao hata chuma chembamba hakiuhisi. Tatizo ni ngozi ya kioo.

Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alieleza kwa nini kioo huvunjika kwa nguvu ndogo kuliko hesabu zinavyodai: juu yake kuna mikwaruzo midogo mno isiyoonekana, na kila mkwaruzo hukusanya nguvu kwenye ncha yake mpaka ufa unaanza kutembea. Alivuta nyuzi za kioo, akaona kadiri uzi unavyokuwa mwembamba ndivyo unavyohimili zaidi kwa kila kipande cha unene wake. Sasa chukua chupa iliyotumika mara nyingi, uizungushe kwenye mwanga. Utaona mikanda miwili iliyofifia na kuwa myeupe, mmoja begani na mwingine chini karibu na kitako. Hapo ndipo chupa hiyo ilipokuwa ikisuguana na wenzake. Kiwandani chupa mpya hupakwa utando mwembamba wa kuzifanya ziteleze zinapogusana, lakini utando huo huisha kwa kuoshwa na kutumika.

Na chupa ya bia si kama chupa ya maji. Bia yenye gesi ya kawaida, ikiwa kwenye joto la nyuzi 20, husukuma kioo kwa ndani kwa presha ya karibu bar 2, isiyo mbali na ile ya tairi la gari dogo. Ikiwa baridi ya nyuzi 4 presha hushuka hata chini ya bar 1. Kwa hiyo chupa iliyokaa juani ikagongwa ni hatari kuliko ile ile ikitoka kwenye friji. Kazi ya kwanza ya kibebeo, basi, ni kuzuia kioo kisiguse kioo. Kubeba kunafuata.

Sasa turudi kwenye kile kibebeo changu cha kwanza. Nilikuwa nimeweka vigawanyo upande wa juu tu, kama mm 150 kutoka sakafuni. Urefu huo wenyewe ulikuwa sahihi. Chupa kubwa ina kimo cha mm 300 hivi, na ikijaa, kitovu chake cha uzito kipo kama mm 115 hadi 120 kutoka kitakoni, kwa sababu kimiminika kingi kimekaa kwenye tumbo na shingo karibu haina kitu. Kizuizi kikiwa juu kidogo ya kitovu hicho, chupa ikiinama inaegemea chuma badala ya kupinduka. Nilichosahau ni vitako. Sakafu ya vyuma vya mviringo inateleza, hasa chupa zikitoka jasho la baridi. Ukigeuka ghafla, mabega yanabaki mahali pake huku vitako vikisogea na kugongana chini ya kigawanyo, pale nisipoweza kuona. Dawa yake ni kuweka vigawanyo vingine mm 30 tu juu ya sakafu. Vikiwa juu na chini, chupa haina pa kwenda.

Kwa nini chuma, si mbao au boksi? Boksi la karatasi ngumu hulegea likinyonya maji ya chupa baridi, na sehemu inayotangulia kuachia ni sakafu. Mbao ni nzuri, sina ugomvi nayo, ila kila kigawanyo cha ubao hula nafasi ya mm 12 na zaidi, na kibebeo cha chupa sita kinakuwa sanduku. Nondo laini ya mm 6 inafanya kazi hiyo hiyo kwa nusu ya unene. Alumini ingekuwa nyepesi zaidi, kwani uzito wake ni kama theluthi moja ya ule wa chuma, lakini inapinda kwa urahisi mara tatu na kuichomelea nyumbani si mchezo.

Kwa chupa zenye upana wa mm 88, chumba cha mm 95 kinatosha, maana mpira wa kufunika chuma utakula mm 2 kila upande. Safu mbili za chupa tatu zinakupa fremu ya ndani ya mm 196 kwa 297. Unahitaji fremu mbili za namna hiyo, moja ya chini na moja ya juu, kila moja na kigawanyo kimoja cha urefu na viwili vya kukata. Sakafu ni vyuma vinne vilivyopindwa kama herufi U, viwili chini ya kila safu, vikining'inia mm 30 chini ya fremu ya kwanza. Sakafu ya wazi namna hii inaacha maji yadondoke, na chupa ikipasuka vipande havikusanyiki ndani. Ukijumlisha na nguzo nne za pembeni unatumia mita 5 na nusu hivi za nondo ya mm 6. Kwa kuwa mita moja ina uzito wa gramu 222, hiyo ni kama kilo 1.2. Mkono wa mm 8 unaongeza gramu 400 na ushei.

Mkono ndipo penye hesabu tamu. Wengi huuweka juu kidogo tu ya vizibo ili kibebeo kisiwe kirefu, halafu wanashangaa chupa haitoki. Fikiria unaivuta chupa wima. Kitako chake kinakuwa huru kinapopita fremu ya juu, yaani ikishapanda mm 150. Wakati huo bega lake, lililokuwa kwenye mm 180, lipo mm 330 kutoka sakafuni. Mkono ukiwa kwenye mm 370, ni shingo tu iliyopita kando yake, na shingo ni nyembamba. Chupa ikishakuwa huru unaiinamisha nje na imetoka. Mkono ukiwa kwenye mm 310, tumbo pana linaufikia kabla kitako hakijaachiwa, na hapo utaanza kupindapinda chupa na kukwaruza kioo kile kile ulichotaka kukilinda.

Usitengeneze mkono wa kukunjika kama wa ndoo. Mkono unaozunguka kwenye misumari yake unakiacha kibebeo kiyumbe, na ukiuunga chini ya kitovu cha uzito kitapinduka chote mara unapokiinua. Mkono uliochomelewa imara unakipa kiganja nafasi ya kuzuia kuyumba huko. Hata hivyo chuma cha mm 8 kinakata vidole, kwa hiyo kivishe kipande cha bomba la plastiki au mti uliotobolewa chenye unene wa mm 30 hivi. Kivishe kabla ya kuchomelea upande wa pili, kisha kisogeze mbali na moto. Ukisahau kukivisha mapema, utalazimika kukipasua na kukifunga upya. Na ukitoa chupa, toa moja huku na moja kule: zikibaki tatu upande mmoja, kibebeo kinaning'inia kimeinama kama nyuzi 8.

Kuhusu kuchomelea sina mengi. Shika kwanza pembe kwa vidoti vidogo, ukiruka kutoka pembe moja hadi ya mkabala, kwa sababu chuma chembamba huvutwa na joto. Pima kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari: zikilingana pande zote mbili, fremu imenyooka. Usitumie chuma kilichopakwa zinki bila kuiondoa kwa grenda au tupa pale unapochomelea, na fanya kazi nje penye hewa. Moshi wa zinki huleta homa, baridi na maumivu ya mwili yanayoanza saa kadhaa baadaye, ukiwa umeshasahau chanzo. Na chupa usiziweke karibu. Cheche za kuchomelea hudunga kioo vishimo, na vishimo hivyo hufanya kazi ile ile ya mikwaruzo aliyoizungumzia Griffith. Kata kipande cha mti chenye upana wa chupa, ukitumie kupimia.

Lainisha viungo kwa tupa, piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu, halafu rangi ya juu. Ikikauka, pasua mpira wa bustani kwa urefu na uuvishe kwenye vigawanyo vyote, vya juu na vya chini, maana chuma kitupu kinakwaruza kioo kama chupa nyingine tu.

Siku ya kukijaribu, jaza chupa sita maji, si bia. Panda na ushuke ngazi mara tatu, ukigeuka ghafla kila unapofika kwenye kona, na usikilize. Mlio mkali ni kioo kwa kioo, na kosa lipo kwenye vigawanyo vya chini. Mlio mzito kidogo ni kioo kwa chuma: kuna mpira umeteleza mahali fulani. Kilichobaki kikiwa ni mtikisiko wa maji ndani ya shingo, mwaga maji na uweke bia.