Tahadhari ya dawa mpya: mgonjwa aambiwe nini kwenye dirisha la dawa

Mei 2018 ilitolewa tahadhari kuhusu dolutegravir, dawa ya kufubaza VVU iliyokuwa mpya wakati huo. Katika utafiti wa Tsepamo nchini Botswana, kati ya watoto 426 ambao mama zao waliitumia tangu kabla ya mimba kutungwa, 4 walizaliwa na kasoro za uti wa mgongo au ubongo, mgongo wazi ikiwamo. Kwa dawa nyingine za VVU kiwango kilikuwa kama mtoto 1 kati ya 1,000.

Sasa mwambie mama kwamba hatari imepanda mara tisa, uone atakavyoziacha dawa. Mwambie kuwa kati ya watoto 1,000 huenda 9 wakapata kasoro badala ya 1, na kwamba waliohesabiwa bado ni wachache hivyo idadi inaweza kubadilika: habari ni ileile, ila hii ya pili anaweza kuipima. La tatu la kumwambia ndilo husahaulika: akiacha dawa, virusi vinaongezeka, na mtoto anaweza kuambukizwa.

Nchi kadhaa ziliamua kuwabakiza wanawake wa umri wa kuzaa kwenye efavirenz, dawa ya VVU ya awali. Julai 2018 wanawake wanaoishi na VVU kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Kigali, wakadai waelezwe kisha wachague wenyewe. Walikuwa na haki. Kufikia 2019 hesabu ilikuwa 5 kati ya 1,683, yaani kama 3 kwa 1,000, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dawa hiyo kwa wote, wanawake wakiwamo. Takwimu zilizofuata hazikuonyesha tena tofauti. Aliyetishwa 2018 na asiitwe tena bado anaamini habari ya zamani, kwa hiyo kliniki iwe na orodha ya waliopewa tahadhari.

Siku hizi, kwa mgonjwa anayetumia TLD (kidonge kimoja cha VVU chenye tenofovir 300 mg, lamivudine 300 mg na dolutegravir 50 mg), kosa la kawaida zaidi liko kwenye vidonge vingine alivyonavyo mkobani. Madini ya chuma, kalsiamu, na dawa za kiungulia zenye magineziamu au aluminiamu hung'ang'ania dolutegravir tumboni, ikapita bila kufyonzwa. TLD imezwe saa mbili kabla ya vidonge hivyo au saa sita baada yake. Vya chuma na kalsiamu vinaweza kumezwa nayo pamoja iwapo ni wakati wa chakula. Dawa ya kiungulia hapana, hata kwa chakula.

Usimuulize "umeelewa?" Atajibu ndiyo, kwa adabu tu. Muulize: "Mama, TLD utaimeza saa ngapi, na vya kuongeza damu saa ngapi?" Akisema TLD saa mbili usiku na vya damu asubuhi, yuko sawa. Akisema vya damu saa kumi jioni, ni saa nne tu kabla ya TLD, si sita. Rudia maelezo, kisha muulize upya.

Mwenye kisukari anayetumia TLD asizidishe metformin, dawa ya kisukari, 1,000 mg kwa siku. Anayemeza 500 mg mara tatu arudishwe kwa daktari kabla hajaondoka, asipunguze mwenyewe. Anayetumia rifampicin kwa kifua kikuu huongezewa dolutegravir 50 mg, saa 12 baada ya TLD. Usingizi ukipotea, TLD ihamie asubuhi. Upele wenye homa, macho ya njano au mkojo wa rangi ya chai: arudi siku hiyohiyo.

Madhara yakijitokeza, mtoa huduma hujaza fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, inayokwenda TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kwa Tanzania au Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Shaka inatosha, uthibitisho hauhitajiki. Andika tarehe ya kuanza dawa, tarehe ya dalili, na dawa zote nyingine; za mitishamba uziulizie kwa jina, maana wengi hawazihesabu kuwa dawa. Namba ya toleo la dawa huachwa wazi mara nyingi kwa sababu mgonjwa ameshatupa kopo, kwa hiyo mwambie siku ya kwanza alitunze hadi dawa ziishe.