Pamejaa, Kwa Hiyo Pazuri? Nani Kakwambia?

Juzi mpwa wangu alikuja Dodoma kwa semina ya siku tatu. Siku ya pili kanipigia simu saa kumi alfajiri, sauti ya mtu asiyetaka kwenda mbali na choo. "Mjomba, tumbo." Umekula wapi? Akanitajia. Sitapataja hapa, mwenyewe namfahamu na ana watoto wanasoma. Nikamuuliza ilikuwaje akaingia pale, na yeye akanipa lile jibu ambalo nimelisikia mpaka masikio yameota sugu: "Si palikuwa pamejaa, mjomba?"

Haya. Leo naandika.

Mimi ni mpishi. Kantini za ofisi, baa mbili, na shughuli za semina nisizoweza kuzihesabu. Ukikaa nyuma ya sufuria unajifunza mapema kwamba watu hujaa mahali kwa sababu nyingi, na ladha huwa ya nne au ya tano. Wizara zikiwa Mtumba, kilomita 17 hivi kutoka mjini, mtumishi mwenye saa moja ya mapumziko hatafuti ladha. Anatafuta kiti. Ukipita pale saa saba na robo ukaona watu wamebanana, ulichokiona ni saa saba na robo.

Kisha kuna daftari. Nimewahi kupika kwenye kantini ambayo daftari lake la madeni lilikuwa nene kuliko msahafu. Katikati ya mwezi palikuwa hapatoshi, watu wanakula wamesimama. Mgeni akiingia anajisemea, ahaa, hapa ndipo. Mshahara ukitoka, wanakuja asubuhi kulipa, wanatushukuru sana, halafu siku tatu pale ndani panabaki mimi, mwenye kantini na nzi. Sasa wana hela, wameenda kula wanapopapenda. Mle ndani walikuwa wanakula wanapoaminika.

Mabasi nisiyaseme sana. Dereva na kondakta wanakula bure, basi linasimama. Ninyi abiria hamkuchagua kitu, mmepelekwa. Na mechi ya Simba na Yanga ikiwa kwenye runinga, hata anayeuza maji ya moto atajaza.

Lakini linalonikera hasa ni hoja ya wajuaji. Wanasema: "Sawa, ladha huenda si nzuri, ila penye watu wengi chakula hakikai, kwa hiyo ni salama." Hapa nivumilie, maana ni kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyomlaza mpwa wangu.

Wingi wa watu unakuonyesha sahani zinazotoka. Haukuonyeshi umri wa kilichomo ndani ya sufuria. Chukua kipindi cha Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Mji unafurika, kila anayekaa kitini anaitwa mheshimiwa, hata mimi na aproni yangu nishaitwa. Jiko lililozoea kutoa sahani sitini sasa linatakiwa litoe mia mbili, na majiko ya mkaa ni yaleyale mawili. Unadhani mpishi anafanyaje? Anaamka mapema zaidi. Wali unaivishwa saa kumi na moja alfajiri, unamiminwa kwenye hotpoti, mchana unauzwa, na wa saa tisa ni uleule wa alfajiri. Kwa hiyo wingi wa watu, badala ya kukuhakikishia chakula kipya, ndio uliosababisha kipikwe zamani. Na wali si kitu cha mchezo. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukikaa uvuguvugu chini ya nyuzi 60 kwa saa nyingi anazaliana na kuacha sumu ambayo ukipasha tena haitoki. Mpwa wangu aliniambia wali ulikuwa "wa moto kabisa". Najua. Ulipashwa.

Kwa hiyo usihesabu watu, tafuta kujua sufuria imebandikwa mara ngapi tangu asubuhi. Mama lishe mwenye wateja wanane na sufuria ndogo anayoibandika upya mara tatu ananipa amani kuliko ukumbi wa watu themanini unaopakua kutoka sufuria moja unayoweza kumwogeshea mtoto. Na hili unaliona kwa macho, halihitaji cheti. Moto bado unawaka, au majivu yameshapoa na paka kalala juu yake? Angalia mchuzi ukingoni mwa sufuria. Mchuzi ulioiva ukatulia una duara la mafuta mekundu pembeni, na ukiuvuta kwa upawa unakuja wote. Mchuzi ulioongezewa maji saa nane ili ufike saa kumi una maji mepesi pembeni na nyanya zimejikusanya katikati kama zimegombana nayo.

Mimi nikifika mji nisioujua, iwe Singida, iwe Kondoa, naingia saa tano na nusu. Muda huo sufuria zinashuka jikoni. Watu hakuna. Pengine hapajafagiliwa vizuri. Siulizi "kipi kizuri?", maana hilo swali lina jibu moja duniani kote. Nauliza, "Dada, kipi kimeiva sasa hivi?" Akisema, "Maharage tayari, nyama bado kidogo, subiri," nakaa. Akisema, "Kila kitu kipo, kaka," natazama majiko. Vyakula kumi na kimoja ubaoni, majiko mawili. Piga hesabu mwenyewe.

Ukishindwa kuangalia jiko, agiza ugali. Ugali hauna pa kujificha: ukikaa unaota ngozi, ukifunikwa unatoa jasho. Ukiwa Dodoma ulizia wa uwele au wa mtama, na mlenda wenye karanga. Hapo utagundua jambo la kuchekesha. Sehemu nyingi zenye viti vizuri watakwambia hawana, kwa sababu wageni hawauulizi, halafu wageni haohao wanarudi Dar es Salaam kusema Dodoma hakuna chakula. Mmekuja kwa Wagogo kutafuta biriani! Mlenda nao unasema ukweli. Wa sasa hivi unavutika kwa pamoja, uliokaa tangu asubuhi unaachana, maji juu, majani chini.

Samaki: huku ni perege wa bwawa la Mtera, na sina la kusema. Akishakaangwa mkavu vile, hata mimi jicho lake halinisaidii kujua amekaa siku ngapi.

Nyama choma ndipo ninapolazimika kurudisha nusu ya maneno yangu. Kwa mbuzi, watu wengi wanasaidia kweli, kwa sababu mbuzi ananing'inia mbele ya macho na anapungua mbele ya macho. Ndiyo maana mnada wa Msalato, Jumamosi, barabara ya Arusha, huwa simwonyi mtu. Mifugo iko pale, nyama iko pale, moto uko pale. Chagua paja au mbavu, kipimwe kwenye mizani ukiwa umesimama, kisha ondoka ukatembee. Nyama mbichi inayochomwa taratibu inataka karibu saa nzima. Ikikufikia baada ya robo saa, ulichokichagua si ulichokila. Na kuna baa mjini, nimefanya kazi katika mojawapo, mbuzi anachemshwa kwanza, halafu jioni anapitishwa kwenye moto ili apate rangi. Ikate: ndani ni ya kijivu mpaka kwenye mfupa, na utamu haumo. Utamu uliuzwa asubuhi, bakuli kwa bakuli, kama supu. Supu yetu ilikuwa na sifa mji mzima. Mteja mmoja alikuwa anakunywa supu asubuhi, anarudi jioni kula choma, analalamika choma haina ladha. Nilikuwa natamani nimwambie, mzee, umeshainywa.

Nyota za kwenye ramani ya simu? Nyingi nilizosoma zinasifu taa na maegesho. Bodaboda? Muulize, "Wewe unakula wapi?", usimuulize "wapi pazuri?", maana la pili atakupeleka kunakopelekwa wageni. Hata hivyo bodaboda anakula kwa ujazo. Utashiba, zaidi ya hapo sikuahidi.

Nikiri na yangu. Sehemu iliyoniumiza vibaya kuliko zote katika maisha yangu ilikuwa tupu, safi, moto unawaka, saa tano na nusu, na dada aliniambia nyama bado kidogo. Kila nilichokiandika hapa kilikuwepo. Nadhani ilikuwa kachumbari, au maji ya kunawia. Mpaka leo ni kudhani tu.

Na wali maharage mtamu kuliko wote niliokula mji huu niliukuta Majengo, nyuma ya soko, saa tisa alasiri, watu wamejaa, wali umetoka kwenye hotpoti. Njaa ilinizidi, nikakaa. Maharage yalikuwa mazito, yamevunjika nusu, na kitunguu kilichoungua kidogo kwa makusudi. Nimerudi mara mbili kuchungulia. Mkaa wa kawaida, chumvi ya kawaida, sufuria ina kipini kimoja. Mara ya pili yule mama alinikamata nimeinamia jiko lake.

"Baba, umepoteza kitu?"

Nikamwambia mimi ni mpishi, nataka tu kujua anayaunga vipi.

"Mpishi wa wapi, na hujui kuunga maharage?" Akanisukumia kigoda. "Kaa, ule. Wenzako wanasubiri nafasi."