Inasaidia, Ukilinganisha na Nini?

Swali ninaloulizwa kuliko yote kliniki wala si la mazoezi. Ni hili: "Dokta, kuumikwa kunasaidia?" Au sindano za Kichina. Au ile dawa ya unga ambayo jirani kaitumia akatupa mkongojo. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, si daktari, lakini Dar es Salaam ukivaa koti jeupe wewe ni dokta tu, nimeshazoea. Wagonjwa wangu wengi ni wa mgongo, magoti na shingo, na karibu wote wananifikia wakiwa wameshapita kwa mchua misuli, kwa muuza dawa wa kwenye daladala na kwa fundi wa kuumika, yule anayenyonya ngozi kwa vikombe. Siwalaumu. Maumivu yakizidi miezi mitatu, na huo ndio mpaka wa kuyaita sugu, mtu anajaribu kila anachoambiwa. Mfa maji haishi kutapatapa.

Jibu langu huwa ni swali: inasaidia ukilinganisha na nini? Wapo wanaodhani nakwepa. Kumbe utafiti wa tiba mbadala za maumivu umejengwa juu ya swali hilo hilo, na ukilishika utaweza kusoma tangazo lolote la dawa pale Msimbazi bila kubabaishwa.

Tuanze na ulinganisho rahisi, ule wa kabla na baada. Nilikuwa siwezi kuinama, nikanywa dawa, sasa nainama. Tabu ni kwamba maumivu sugu hupanda na kushuka yenyewe kama bei ya nyanya, na hakuna anayetoka nyumbani kutafuta tiba siku ambayo maumivu yapo chini. Anatoka yakiwa yamefika kileleni, na kutoka kileleni njia iliyobaki ni ya kushuka. Kwa hiyo chochote utakachofanya siku ile, unywe mizizi, upakwe mafuta ya nyonyo, uje kwangu ukalazwe kitandani, baada ya wiki mbili kuna uwezekano mkubwa una nafuu. Sifa zote zitakwenda kwa kitu cha mwisho kilichokugusa. Hata mimi nimepewa sifa nyingi za aina hiyo, na huwa nazipokea kwa adabu.

Kwa namba, tazama jaribio kubwa la Marekani la glukosamini na kondroitini, vile vidonge vya magoti vinavyouzwa kwa bei ya kutisha madukani. Watu 1,583 wenye magoti yaliyosagika waligawanywa makundi kwa bahati nasibu, na matokeo yakachapishwa 2006. Baada ya wiki 24, asilimia 60 ya waliomeza vidonge vitupu, visivyo na dawa yoyote ndani, walikuwa wamepungukiwa na angalau moja ya tano ya maumivu yao. Sita kati ya kumi, kwa vidonge vitupu! Kwa kundi zima, glukosamini na kondroitini hazikuwapita hao kwa tofauti ya maana. Sasa mwambie mtu aliyemaliza makopo mawili na goti limetulia kwamba si vidonge vilivyomponya. Hatakuelewa, na ushuhuda wake ni wa kweli kabisa. Ila haujibu swali.

Hapa ndipo watu hurukia kusema, "Basi ni mawazo yake tu." Hapana, na kauli hiyo inawaumiza wagonjwa wangu kuliko mgongo wenyewe. Mwaka 1978 watafiti wa San Francisco waliwachunguza watu waliong'olewa magego. Waliopata nafuu kwa dawa tupu walipopewa naloksoni, dawa inayozuia kazi ya morfini mwilini, maumivu yalizidi. Maana yake ubongo ulikuwa unatengeneza dawa yake wenyewe, na naloksoni ikaizima. Kisha mwaka 2016 wagonjwa wa mgongo sugu huko Lisbon waliambiwa wazi kwamba vidonge wanavyopewa ni vitupu. Wakavimeza kwa wiki tatu wakijua hivyo, na maumivu yao ya kawaida yakashuka kwa takriban asilimia 30, dhidi ya 9 kwa walioendelea na matibabu yao ya siku zote. Lilikuwa jaribio dogo, chini ya watu mia. Lakini huwezi tena kusema kwamba kitulizo cha vidonge vitupu ni kudanganywa tu.

Ukiwa na hayo kichwani, akupancha, yaani zile sindano za Kichina, inaanza kueleweka. Jaribio la Ujerumani la mwaka 2007 lilikuwa na wagonjwa 1,162 wa mgongo sugu. Kundi la kwanza walichomwa sindano sehemu zinazofundishwa na Wachina. La pili walichomwa juujuu, sehemu zisizo na maana yoyote katika elimu hiyo. La tatu walipata dawa, fiziotherapia na mazoezi kama kawaida. Baada ya miezi sita, walioonekana kupata nafuu walikuwa asilimia 47.6 kwa sindano za kweli, 44.2 kwa sindano za uongo, na 27.4 kwa matibabu ya kawaida. Ndiyo, ya kawaida, yaani ya kwangu, yalishika mkia.

Ukilinganisha na sindano za uongo, utasema akupancha haina kazi. Ukilinganisha na kazi yangu, utasema ni bora karibu mara mbili. Takwimu ni zile zile. Wajerumani waliamua bima za afya za umma zilipie akupancha kwa mgongo na goti. Waingereza, kupitia NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya tiba, waliipendekeza kwa mgongo mwaka 2009, wakaiondoa 2016, kisha 2021 wakairuhusu ifikiriwe kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kingine kinachojulikana. Uchambuzi uliokusanya data za wagonjwa zaidi ya 20,000 mwaka 2018 uliikuta inazipita kidogo sindano za uongo, na kuipita kwa pengo kubwa zaidi hali ya kutochomwa sindano kabisa. Msimamo wangu: mgonjwa mwenye hela ya ziada, kwa fundi anayetumia sindano mpya za kutupwa, aende. Anayekopa ili akachomwe, asiende.

Kuumika ni habari ya karibu zaidi na sisi. Wengi wanaita hijama, wazee wanazungumzia chuku, na siku hizi pembe imepisha vikombe vya plastiki vya kupampu. Mwezi uliopita fundi seremala mmoja wa Keko alivua shati, mgongoni ana duara saba za zambarau zimepangwa kama vifungo, tatu zina chale ndogo zilizoanza kukauka.

"Mzee wangu, hizi za lini?"

"Ijumaa. Na nimelala wiki nzima kama mtoto mchanga, dokta. Usiniambie haisaidii."

Sikumwambia. Nilimwuliza wembe ulitolewa wapi. Utafiti wa kuumika ni mwingi kwa idadi ila dhaifu kwa ubora, kwa sababu ni vigumu kumuumika mtu kwa uongo asijue. Wajerumani walijaribu mwaka 2016, kwa watu 141 wenye maumivu ya mwili mzima, wakatumia vikombe vilivyopunguzwa nguvu ya kunyonya. Walioumikwa kweli waliwashinda walioendelea na matibabu ya kawaida, lakini hawakuwashinda walioumikwa kwa vikombe dhaifu. Kwa hiyo kwangu mimi swali la hijama halina mvuto mkubwa kwenye maumivu. Lipo kwenye damu. Wembe uliotumika kwa mtu mwingine unaweza kubeba virusi vya homa ya ini na Ukimwi, na hakuna nafuu ya mgongo inayofidia hilo.

Haki itendeke, nijipime kwa mizani hiyo hiyo. Mazoezi kwa mgongo sugu yamefanyiwa majaribio mengi mno. Mapitio ya 2021 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, yalikusanya 249, na kwa wastani maumivu hupungua kwa alama kama 15 kati ya 100 ukilinganisha na kutofanya chochote au matibabu ya kawaida. Alama 15 si muujiza. Na hakuna mazoezi ya uongo ambayo mtu atayafanya asijue, kwa hiyo sehemu ya alama hizo ni kitulizo kama kile cha Lisbon. Ile mashine ya mawimbi ya sauti, yenye jeli ya baridi inayopendwa na wagonjwa, ushahidi wake kwa mgongo sugu ni mwembamba kabisa, na bado ipo karibu kila kliniki ya jiji hili. Ninachoyapendea mazoezi ni kwamba hayana bei, na mgonjwa anaondoka nayo.

Mitishamba? Pilipili ndiyo ninayoiheshimu. Kapsaisini, kile kinachowasha, huwashtua wapokea habari wa joto kwenye neva mpaka wanachoka kupeleka taarifa za maumivu. Ugunduzi wa wapokea habari hao ndio uliompa David Julius sehemu ya Tuzo ya Nobel ya 2021. Krimu yake imeonyesha kupunguza maumivu ya mgongo kuliko krimu tupu. Msitwange pilipili mbuzi nyumbani mkajipaka, nimeshaona malengelenge. Tangawizi na manjano zina majaribio madogo kwenye goti yenye dalili njema kiasi, ila manjano hufyonzwa kidogo sana tumboni.

Kinachonikosesha usingizi ni dawa ya "asili" inayotuliza ndani ya saa moja. Mara nyingi mzizi haufanyi kazi kwa kasi hiyo. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya juu ya Artri King, iliyouzwa kama kirutubisho cha viungo, baada ya maabara kukuta ndani yake diklofenaki, ambayo ni dawa ya maumivu, na deksamethazoni ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Deksamethazoni ni steroidi kali. Mgonjwa anajisikia kijana, hamu ya kula inarudi, uso unaanza kuwa mviringo na ndugu wanasema kanawiri. Wakati huo sukari na presha vinapanda, mifupa inalika, na tezi zake za adrenali, zile za juu ya figo zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, zimelala. Akiacha ghafla anaweza kuanguka. Kama umetumia dawa ya namna hiyo kwa wiki kadhaa, usiikatishe mwenyewe. Nenda hospitali na kopo lake.

Tanzania tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002, na Baraza linalosajili waganga na dawa zao, kwa hiyo kuuliza namba ya usajili si dharau kwa mtu. Na mkija kwangu njooni nazo, chupa, kifuko, hata unga uliofungwa kwenye gazeti. Sitautupa wala kumsema aliyewauzia. Ila kama unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, una kisukari au ni mjamzito, nitataka kuviona kabla sijagusa mgongo wako.