Pazia la jukwaa halipigwi pasi

Ukumbi ukipokea pazia jipya, simu ninayopigiwa ni ileile: tutumie pasi gani? Pazia limetoka kwenye boksi lina mikunjo kila mahali, onyesho ni Ijumaa, na mtu ameshatumwa kuazima pasi kwa dobi. Huwa nawaambia wamrudishe njiani. Kinachonyoosha pazia ni uzito wake lenyewe, likipewa muda.

Tupige hesabu. Jukwaa lenye uwazi wa mita 10 halivalishwi kitambaa cha mita 10. Ukitaka marinda mazito unahitaji mara mbili yake, kwa hiyo kila upande unabeba mita 10 za kitambaa. Kwa urefu wa mita 6, upande mmoja ni mita 60 za mraba. Mahameli ya gramu 600 kwa mita ya mraba inakupa kilo 36 upande huo mmoja, bado hujahesabu mnyororo unaopita ndani ya pindo la chini. Kilo zote hizo zikivuta usiku na mchana, mikunjo mingi inaisha yenyewe ndani ya siku chache. Ndiyo maana nasisitiza pazia litundikwe siku linapofika, na libaki limefungwa, yaani pande zote mbili zikutane katikati. Likikusanywa pembeni litanyooka lipendavyo lenyewe. Huku pwani hewa nayo inasaidia, maana pamba hunywa unyevu na kulegea. Palipo na hewa kavu, ongeza siku.

Pasi ina ubaya gani? Mahameli ina vinyweleo, na vyote vimelalia upande mmoja. Pitisha kiganja juu hadi chini utavisikia. Chuma cha moto kinavikandamiza kabisa, na palipokandamizwa hung'aa chini ya taa. Watazamaji wa mstari wa nyuma kabisa wataliona umbo la pasi yako. Poliesta ndiyo hatari zaidi, kwa sababu inaanza kuyeyuka kabla hujashtuka.

Ikiwa siku hazitoshi, au kuna mkunjo sugu wa pale kitambaa kilipokunjwa kiwandani, hapo tutumie mvuke. Lakini kwanza geuza pazia usome lebo iliyoshonwa nyuma, kwa kawaida kwenye kona ya chini. Unatafuta jambo moja: kinga ya moto imo ndani ya nyuzi zenyewe, kama zilivyo poliesta nyingi za jukwaani, au kitambaa kimetiwa dawa baada ya kufumwa? Pamba nyingi hutiwa dawa, na dawa yenyewe mara nyingi ni chumvi inayoyeyuka katika maji. Ukiiloweka, umeitoa. Pazia litaonekana lilelile, ila sasa linawaka.

Anayeona hilo ni jambo dogo asome habari za Iroquois Theatre ya Chicago. Tarehe 30 Desemba 1903 cheche za taa ya jukwaani zilishika kitambaa cha pazia. Pazia la usalama, lile la kuzuia moto usiwafikie watazamaji, liliposhushwa lilikwama njiani, na watu wapatao 600 walikufa, wengi wao wanawake na watoto waliokuja kuangalia onyesho la mchana.

Haya, mvuke. Ondoa vumbi kwanza, la sivyo unapika tope ndani ya kitambaa. Kama bomba la kutundikia linashuka, tandika shuka safi sakafuni, lishushe, anza kichwani mwa pazia, kisha lipandishe kidogo kidogo. Fanya kazi upande wa nyuma, mdomo wa mashine ukiwa mbali na kitambaa kiasi cha kiganja, mkono mwingine ukivuta chini polepole. Ukiona matone, umezidisha. Maji yawe ya mvua au yaliyochujwa vizuri. Visima vyetu vya pwani vina chumvi, itaziba mashine na kuacha madoa. Halafu usiliguse pazia wala kulifungua mpaka likauke kabisa.

Mengine ni ya kila siku, na hapa ndipo mapazia mengi yanapouawa. Mwuaji mkubwa ni ndoo ya deki. Sakafu inapigwa maji kabla ya onyesho, pindo linanyonya, na baada ya wiki unaona mstari mweupe kuzunguka chini: hiyo ni chumvi ya kinga imehama na maji. Pindo likae sentimita mbili au tatu juu ya sakafu, na pazia lifunguliwe kabla deki haijaanza. Adui wa pili ni harusi. Puto, pini, gundi ya karatasi, majina ya bwana na bibi yamebandikwa katikati ya mahameli! Wapambaji wapewe fremu yao wenyewe. Na waigizaji wafundishwe kuvuta kamba, si kushika kitambaa. Mafuta ya mikono hujikusanya pale pande mbili zinapokutana mpaka panakuwa peusi.

Vumbi nalo ni kuni. Litoe kila baada ya miezi michache kwa mashine ya kufyonza yenye brashi laini, ukishuka kufuata vinyweleo. Pamba iliyotiwa dawa haiendi kwa dobi wa maji. Inasafishwa kikavu, kisha inatiwa dawa upya na kupimwa tena. Kipimo cha awali ni rahisi: kata kipande kidogo ndani ya pindo, kipeleke nje, kishike kwa koleo, kiwashe kiberiti. Kinatakiwa kizime karibu mara tu moto unapoondolewa. Kikiendelea kuwaka, pazia lishushwe siku hiyohiyo.

Likishushwa kuhifadhiwa, liwe kavu, vinyweleo vikiangalia ndani, mikunjo iwe mipana. Tumia mfuko wa turubai la pamba, si nailoni, kwa sababu nailoni hufungia unyevu na ukungu hauchelewi. Kila baada ya muda lifungue ulikunje mahali pengine, na andika juu ya mfuko ni upande upi: kushoto au kulia.